Jua Lisilo na Mahali

Kalamu ya insulini ilikuwa bado kwenye friji, katikati ya chupa ya maziwa na kipande cha tikiti, na kifungashio chake hakijachanwa. Mpelelezi Chujio aliitazama, akaufunga mlango wa friji taratibu kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto, kisha akainua macho kwenye saa ya ukutani. Saa tatu kasoro kumi, asubuhi ya Alhamisi. Mwenye dawa alionekana mara ya mwisho Jumanne saa tatu na nusu, akitoka nyumbani na mkoba begani na darubini ndogo kwapani.

“Ya zamani iliisha Jumanne hiyo hiyo alfajiri,” alisema Binti, ambaye tangu juzi alikuwa hajavua nguo alizovaa. “Niliitoa kwenye kipochi chake cha buluu nikaitupa. Nikamwambia, mama, mpya iko kwenye friji, usisahau. Akaniambia hajazeeka kiasi hicho.”

Chujio alikuwa ameshampigia daktari wa yule mama, na daktari hakuficha neno. Alisema mgonjwa wake huchoma dawa kila siku tangu akiwa na miaka kumi na tisa, mwili wake hautengenezi hata tone, na siku mbili bila dawa ni nyingi mno. Akasema wakimpata kabla ya jua kuzama wampigie. Wakimpata baada ya hapo, wasimpigie yeye.

Kituoni walimwita mpelelezi huyu Chujio kwa sababu maneno ya watu hupita kwake yote, ya kweli na ya porojo, hakatizi mtu wala hakunji uso, halafu jioni hukaa na yale yaliyokwama juu. Na tangu jana jioni kulikuwa na kitu kimekwama. Hakukijua bado ni nini. Alikuwa kama mtu aliyetegewa kitendawili, jibu liko ncha ya ulimi, na mtegaji ameshasimama kuondoka.

Basi tuseme mambo yalivyokuwa. Aliyepotea alikuwa mwalimu mstaafu wa fizikia, mjane wa miaka sitini na saba, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu, hata wasiowahi kukanyaga darasa lake. Vyumba viwili vya mbele vya nyumba yake vilikuwa ofisi ya tovuti aliyoianzisha alipostaafu, Mbingu Leo. Kila siku saa sita kamili mchana tovuti ilitoa picha moja ya angani, moja tu: leo mwezi, kesho nyota, keshokutwa wingu la vumbi linalong'aa huko mbali. Chini ya picha palikuwa na maelezo mafupi, na chini ya maelezo mstari wenye mambo manne: siku picha ilipopigwa, saa, mahali, na chombo. Msomaji akibonyeza mshale wa kushoto alirudi nyuma siku moja, akibonyeza tena siku nyingine, hivyo hivyo mpaka siku ya kwanza, miaka kumi na moja iliyopita. Hakuna siku iliyowahi kurukwa. Na hakuna picha iliyowahi kutoka mara mbili. Amri hiyo Mwalimu aliiandika kwa kalamu nyekundu, akaibandika ukutani juu ya kompyuta.

Jumatano yote Chujio aliipoteza kwa mtu mmoja. Alikuwa mpiga picha wa mji wa pili aliyewahi kuleta picha ya kimondo ikakataliwa, kwa kuwa Mwalimu aliona nyota zilizokuwa nyuma yake si za msimu ule, akayatangaza hayo hadharani. Yule bwana aliandika matusi, na katikati ya matusi akaandika kwamba atamzima huyu bibi na mbingu yake. Mtu akisema hivyo, halafu bibi akapotea, unaanzia wapi? Chujio alianzia hapo. Kumbe tangu Jumatatu bwana huyo alikuwa wodi ya wazazi, mkewe akijifungua pacha, na muuguzi wa zamu alithibitisha huku akicheka kwamba wamemfukuza mara tatu kwa kuwapiga picha wajawazito wa watu akidai anapiga taa.

Na kitu kingine kiliwapoteza muda: ile tovuti yenyewe. Jumanne saa sita picha ilitoka. Jumatano saa sita ikatoka nyingine. Binti akapumua, akasema mama yupo, ana lake tu, mbona picha zinakuja. Ni jana jioni tu ndipo walipoelezwa kwamba picha huwekwa kwenye foleni siku kumi kabla na mashine huzitoa zenyewe. Mtu anaweza kuwa amefukiwa, na picha zake zikaendelea kuchomoza kila mchana kama kawaida.

Aliyewaeleza alikuwa sasa anawasubiri chumba cha mbele pamoja na koplo.

Alikuwa mwanamume mwembamba wa miaka hamsini na nane, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo, mikono imelala magotini kama ya mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Mdogo wa marehemu mume wa Mwalimu. Binti alimwita baba mdogo. Zamani alikuwa mpima hali ya hewa, na kwa miaka ishirini na sita aliandika mvua na joto mara tatu kwa siku bila kukosa. Serikali ilipomstaafisha, shemeji yake alimpa kazi ya kutunza hifadhi ya picha, akampa na jina: Tarehe. Hakuoa. Chakula cha mchana alikula hapa, cha jioni alikula hapa.

Maelezo yake yalikuwa tayari kwenye daftari la koplo. Jumanne hakumwona Mwalimu kabisa. Jumatano alikuwa kwake na homa, hakutoka hata mlangoni. Ni kweli aliibadilisha picha ya Jumatano, kwa sababu iliyokuwa foleni ilikuwa na kasoro, akaweka ya jua aliyokuwa nayo kwenye kompyuta yake: picha ya zamani ambayo haikuwahi kutoka, ya Machi mwaka jana, aliipiga juu ya paa la nyumba hii. Aliyasema hayo bila kukohoa, na macho yake hayakukimbia.

Chujio alivuta kiti mbele ya kompyuta, akampa kila mtu mgongo, akaanza kubonyeza mshale wa kushoto.

Koplo, aliyemjua, alimsogelea akamnong'oneza kwamba muda unakwenda, afande, kwa nini wasimbane huyu mzee kisawasawa. Chujio akasema anambana. Koplo akatazama kioo cha kompyuta, akaona mwezi, akaona sayari yenye pete, akatikisa kichwa.

Lakini Chujio hakuwa akitazama picha. Alikuwa akisoma ule mstari wa chini. Siku, saa, mahali, chombo. Siku, saa, mahali, chombo. Mara moja moja, chini ya mstari, palikuwa na herufi ndogo za kuomba radhi. Jana tuliandika dakika kumi na nne, sahihi ni kumi na tano, mtusamehe. Wiki iliyopita tuliandika kaskazini, sahihi ni kaskazini mashariki, kosa ni langu. Zote zilitiwa sahihi na mtu mmoja. Kuna aliyeomba radhi kwa ulimwengu mzima kwa ajili ya dakika moja.

Akarudi kwenye jua la Jumatano. Duara jeupe kwenye karatasi, madoa matano meusi yamejipanga kama mbegu. Chombo: darubini ndogo, mwanga umetupwa kwenye karatasi. Halafu siku, wazi. Saa, wazi. Mahali, wazi.

Hapo kile kilichokwama tangu jana kikajitokeza chenyewe.

“Koplo,” alisema kwa sauti ya chini, “kitendawili.”

“Tega, afande.”

“Watu anawadanganya mchana kweupe. Jua hathubutu kulisingizia.”

Koplo alifikiri, akamtazama Tarehe, akaanza kutabasamu, kisha tabasamu likamfia.

Chujio alimwita Binti. Alijua kwamba Jumamosi na Jumapili Binti huacha cherehani yake akamchapia mama maelezo ya picha, na ana uwezo wa kuingia ndani ya tovuti na kurekebisha kurasa zilizokwisha kutoka, ingawa foleni hakuwahi kuigusa. Akamwomba akae pale, aufungue ukurasa wa Jumatano. Kisha akageuza kiti chake, akamweleza Tarehe kwa upole kabisa, kama muuza duka anayemalizia kufunga mzigo, kwamba yeye hana ugomvi naye tena. Maelezo yake yameeleweka. Ila anaona hifadhi ya miaka kumi na moja imebaki na pengo, na si vizuri, basi wajaze pale alivyosema mwenyewe, ili wafunge jalada na kila mtu aendelee na shughuli zake.

“Andika, mwanangu. Siku ni tarehe nne Machi, mwaka jana.”

Vidole vya Binti vilibonyeza. Maneno yakatokea.

“Si lazima iwe tarehe nne,” alisema Tarehe.

“Ulisema Machi. Tarehe nne imo. Saa, weka saa nne asubuhi. Mahali, paa la nyumba ya Mwalimu.” Chujio alikuwa akisoma kutoka daftari la koplo, hana haraka, ilhali moyoni alikuwa anahesabu: saa arobaini na nane. “Ukibonyeza hapo itaonekana na watu wote, sivyo? Na itakaa?”

“Itakaa,” alisema Binti. Na yeye alikuwa ameshaelewa. Akapeleka kidole kwenye kitufe cha kuhifadhi. “Nibonyeze, baba mdogo?”

Tarehe alikuwa ameshasimama. Koplo naye akasimama, lakini mzee hakuelekea mlangoni. Alielekea kwenye kioo, macho ameyakodolea yale maneno kama mtu anayeona moshi ukitoka chumba cha watoto.

“Futa,” alisema. “Machi mwaka jana jua lilikuwa safi kama sahani. Mwezi mzima halikuwa na doa. Watu watasoma hapo miaka hamsini ijayo, watapanga hesabu zao juu ya hayo. Futa hiyo.”

“Kwani ni ya lini?”

Nje mtu alikuwa akiosha pikipiki, maji yakisikika yakimwagika.

“Jana,” alisema Tarehe. “Saa tatu na dakika arobaini.”

“Kwa chombo gani?”

“Pameandikwa hapo. Darubini ndogo.”

“Ipo moja tu katika nyumba hii,” alisema Chujio. “Mwalimu alitoka nayo Jumanne. Tangu hapo haijarudi. Basi jana saa tatu na dakika arobaini ulikuwa pale ilipo darubini, na homa yako. Niambie mahali, mzee wangu, tujaze hapo palipobaki.”

Alijua atakapomfikisha, ila hakujua kwamba mzee atakaa chini na kufunga mdomo kama aliyefunga duka. Alipofumbua mdomo alisema kwamba Mwalimu hana neno, yuko salama, ana maji, ana mkate, alimpelekea na blanketi, na kesho jioni atarudi mwenyewe. Hakumgusa. Alitaka tu afikirie upya.

Maana Jumanne walipofika huko kulitazama jua, Mwalimu alimwambia kwamba picha ya Jumatano haitakuwa picha. Ameweka ukurasa mtupu na maneno ya kuaga, na picha zilizokuwa foleni nyuma yake amezifuta. Macho yanamchosha, miaka kumi na moja inatosha, tovuti anaifunga. Alimwambia hivyo huku akifuta lenzi, kama anayemwambia chumvi imekwisha. Tarehe alimwomba auondoe ukurasa ule, akakataa. Alimwomba tena. Kisha alitoka nje, akavuta mlango, akageuza ufunguo. Ukurasa mtupu akauondoa yeye. Na kwa kuwa picha moja haitoki mara mbili, na mpya hakuwa nayo, Jumatano asubuhi ilimbidi arudi kule kule, achukue darubini iliyobaki uani, apige jua.

“Dawa zake ziko hapa,” alisema Chujio.

“Ziko kwenye mkoba. Kipochi cha buluu. Nimekiona kwa macho yangu.”

“Alikuomba dawa?”

Tarehe alisema jana aliongea naye kupitia dirishani, Mwalimu akasema dawa, dawa yangu. Akamjibu iko mkobani. Alidhani ni mbinu tu ili afungue mlango. Baadaye Mwalimu akalala akamgeuzia mgongo, akimsemesha haitiki, akajua kanuna. Leo alfajiri alitaka kwenda, lakini koplo alimfuata nyumbani mapema.

Binti alitoka chumbani. Wakasikia mlango wa friji. Aliporudi aliiweka ile kalamu kwenye kiganja cha baba yake mdogo, akakikunja kiganja chenyewe juu yake. Ilikuwa baridi, na kifungashio chake kizima.

“Kipochi nilikitoa dawa mwenyewe,” alisema. “Kina vipimo na peremende. Hakukununia, baba mdogo. Alikuwa anazimia.”

Mzee alikitazama kiganja chake. Halafu alisema mahali, haraka haraka, kwa namna ya mtu aliyezoea kusoma vipimo kwenye simu: kituo cha zamani cha hali ya hewa, kilichofungwa miaka sita iliyopita, juu ya kilima nyuma ya matangi ya maji, chumba cha pili, ufunguo uko hapa.

Gari lilipanda kilima kwa gia ya pili, likipiga kelele kama linalalamikia uzito wa watu wanne. Chujio alikuwa ameshaita gari la wagonjwa, na walilikuta njiani likitangulia. Tarehe, akiwa na pingu, alikuwa akihesabu kitu kwa midomo tu, na Chujio hakuuliza ni nini.

Kituo kilikuwa nyumba ndefu ya mabati, majani yamefika dirishani. Darubini ilisimama uani kwenye miguu yake mitatu, imefunikwa mfuko wa plastiki vizuri kabisa. Walimfungua Tarehe pingu ili afungue kufuli, kwa kuwa alisema lina ukaidi wake, lakini ufunguo ulicheza kwenye tundu kama unaogopa kuingia. Ndani hapakuwa na sauti. Mwisho koplo alimsogeza pembeni, akaupiga mlango bega mara mbili.

Mwalimu alikuwa sakafuni, kando ya ukuta, blanketi limefika kiunoni. Midomo imekauka ikapasuka. Alikuwa anapumua, lakini pumzi ndefu na za haraka, za mtu aliyepanda ngazi nyingi asiweze kusimama, na chumba kizima kilinuka matunda yaliyoiva kupita kiasi. Tabibu wa gari alimtoboa kidole, akakiangalia kipimo, akakigeuza awaonyeshe. Palipotakiwa kuwa na namba paliandikwa kwamba sukari imepita uwezo wa kupima.

Binti alipiga magoti akachana kifungashio cha kalamu aliyokuja nayo. Tabibu akamshika mkono. Si sasa, dada, alimwambia. Kwanza maji mshipani, ukimpa dawa yote kwa mpigo moyo utagoma. Basi Binti alibaki amepiga magoti, dawa iliyomsubiri mama yake siku mbili iko mkononi, anamtazama mgeni akitafuta mshipa. Wa kwanza haukushika. Wa pili haukushika. Wa tatu ukashika.

Walipomwingiza garini, Tarehe, aliyekuwa amerudishiwa pingu, alimuuliza Chujio swali moja. Atapona? Chujio alikuwa amemdanganya asubuhi nzima kwa moyo mweupe, angeweza kuongeza moja.

“Sijui,” alimwambia.

Ilikuwa saa kumi na moja kasoro robo jioni daktari alipotoka wodini. Alisema asingeweka dhamana saa sita mchana, wala saa nane. Sasa anaweza. Mgonjwa ameamka, ameulizwa ni siku gani akataja Alhamisi, ameulizwa anaona vidole vingapi akajibu kwamba kwa kucha chafu namna hiyo angeona aibu kuvinyoosha. Mpelelezi ana dakika tano, si sita.

Chujio aliketi kando ya kitanda. Binti alikuwa ameulaza uso wake kwenye shuka, kwenye mkono wa mama usio na mpira wa maji. Mwalimu alikuwa mdogo kuliko kwenye picha zake, na sauti ilikuwa ya kukwaruza, lakini kichwa kilikuwa mahali pake. Binti aliinua uso, akasema, mama, pumzika kwanza, si lazima leo, na ni baba mdogo, tuyazungumze wenyewe nyumbani. Chujio aliisubiri hiyo. Ameiona katika familia nyingi, jinsi maneno yanavyolainika mgonjwa akishafumbua macho, na daftari likabaki jeupe.

Mwalimu alimpapasa mtoto wake kichwani, kisha akamgeukia mpelelezi.

“Una kalamu?”

“Ninayo.”

“Shemeji yangu ndiye aliyegeuza ufunguo. Nilimwomba dawa, akanijibu, akaondoka. Andika jina lake lote, la shule na la ukoo.” Alipumzika, akavuta pumzi tatu. “Umeandika?”

“Nimeandika, Mwalimu.”

“Haya. Na jana usiku baridi ilikuwa kali, na nilikuwa na blanketi. Alilipitisha dirishani, alilitoa kitandani kwake, maana ninalijua, nililishona mimi. Andika na hilo. Usiache lolote kati ya hayo mawili, na usiniulize lipi lina uzito.”

Chujio aliandika yote mawili, mstari chini ya mstari, akamgeuzia daftari atie sahihi.